Daftari la Mguu wa Kushoto

Ndugu msomaji, kabla sijaenda mbali nataka nikiri jambo. Mwaka 2020, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mzee wangu hapendi yatajwe wakati wa kula, niliandika hadithi fupi. Ilihusu kijiji kimoja chini ya mlima na mtoto wa kike mwenye matege, aliyezaliwa hivyo eti kwa sababu mama yake alivunja mwiko wa ukoo. Mwisho wa hadithi mtoto anatumbukia mtoni, laana inaisha, mvua inanyesha. Niliisoma kijiweni Usa River, pale bodaboda wanapoegesha, machalii wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Mwanangu, wewe ni Kezilahabi mtupu!" Usiku ule nililala nikijiona mtu mkubwa.

Nisichowaambia machalii ni kwamba nyumbani kwetu, Maji ya Chai, alikuwapo mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu. Tunamwita Kitinda. Wakati huo alikuwa na miaka minne. Miguu yake ilikuwa imepinda kwenda nje kama pinde mbili, hata akisimama mbele yako uliweza kumwona kuku akipita katikati ya magoti. Mimi niliichukua ile miguu nikaitia katika hadithi, mwenye miguu nikamwacha nje.

Kwa asiyepajua kwetu: ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi unapita Tengeru, unapita Usa River, halafu unatufikia sisi. Jina la Maji ya Chai limetokana na mto, maji yake yana wekundu kama chai ya rangi. Wageni hucheka wakisikia, wanadhani ile rangi ndiyo tatizo. Tatizo lenyewe halina rangi wala harufu. Mlima Meru ni volkano, na mara ya mwisho ilitoa moto wake mwaka 1910. Maji yanayopita katika miamba na majivu yale ya zamani huchukua madini yanayoitwa floraidi. Kidogo chake ni kizuri kwa meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya mswaki. Kikizidi, meno ya mtoto anayekua huishia kuwa na rangi ya kahawia. Kikizidi sana, miaka na miaka, kinaingia kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Kwetu ziko chemchemi na visima vinavyopita kipimo hicho mara nyingi. Na si sisi peke yetu. Bonde la Ufa lote, kuanzia Ethiopia na Kenya hadi kwetu, lina kilio hiki.

Mimi mwenyewe meno yangu ni ya kahawia. Nikienda Dar es Salaam nikicheka tu mtu ananiuliza, "Wewe wa Arusha, siyo?" Lakini miguu yangu imenyooka, kwa kuwa hadi miaka sita nililelewa Machame kwa bibi mzaa mama. Kitinda alizaliwa hapa. Uji wake wa kwanza ulipikwa kwa maji haya.

Siku zile hatukuyajua hayo. Tulichokijua ni lawama. Bibi mzaa baba alisema ukoo wake haujapata kuwa na matege, basi limetoka upande wa mama. Baba hakusema lolote, akawa tu mtu wa kuchelewa kurudi. Mama akampeleka Kitinda kwenye zahanati moja, nisiitaje. Nesi wa pale akamtazama mtoto, akamtazama mama, akasema kwa sauti ya kusikika benchi zima, "Umekaa na mtoto hivi miaka minne, mama gani wewe?" Labda yule dada alikuwa amekesha. Labda alikuwa na mambo yake. Mama alijifunika khanga hadi puani, akambeba mtoto mgongoni, akarudi nyumbani kwa miguu ingawa nauli alikuwa nayo. Hakukanyaga tena mahali panapoitwa hospitali kwa karibu miaka miwili. Katika miaka hiyo miwili mfupa wa mguu wa kushoto ulizidi kupinda, na Kitinda akaanza kulia magoti kila jioni.

Nalitaja hili kwa sababu watu huona kazi ya nesi ni sindano na vidonge. Sentensi moja ilimwongezea mdogo wangu miaka miwili ya maumivu.

Mwaka 2022, mwezi wa tano, mama mmoja anayeuza ndizi pamoja na mama yangu soko la Tengeru akamweleza habari za hospitali moja ya misheni yenye kliniki ya mifupa ya watoto. Mama akaniambia, "Twende wote, wewe unajua kusema." Nikambeba Kitinda, miaka sita sasa, mzito kama debe la mahindi.

Nesi tuliyemkuta alikuwa mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Nilimpa shikamoo, akaitikia, halafu akainama kwa Kitinda. Miguu hakuitazama kwanza.

"Hujambo mwanangu. Unapenda mchezo gani?"

"Rede."

"Unarusha au unakwepa?"

"Narusha. Kukwepa siwezi."

"Haya, mrushaji. Nikuone basi."

Alipomaliza kumpima akamgeukia mama. Akamwuliza kama amekula tangu asubuhi. Akamwuliza analala saa ngapi. Kisha, taratibu kama mtu anayepiga soga, akauliza maji mnachota wapi, makande mnapikia magadi au hapana, mtoto anakunywa vikombe vingapi. Mama akajikaza, akajibu kwa fahari, "Maji nachemsha, sista. Kila siku nachemsha. Nilifundishwa kliniki, sijawahi kuacha."

Nesi akanyamaza kidogo. Nadhani alikuwa anatafuta mlango wa kuingilia. Akasema, "Mama, umefanya vizuri, na uendelee. Kuchemsha kumemkinga mwanao na kuhara, kumeua wadudu. Lakini hiki kilichomo majini mwenu si mdudu, ni madini, kama chumvi. Ukichemsha maji ya chumvi, chumvi inakwenda wapi? Inabaki sufuriani. Maji yakipungua, chumvi inazidi. Na magadi nayo yana madini hayo hayo. Hukujua, na hukuwa na namna ya kujua. Si kosa lako, wala la ukoo wako."

Mama akalia pale pale, mbele za watu. Nesi hakumwambia nyamaza. Alifunga mlango tu.

Daktari alipiga picha na vipimo vingine, maana matege yana sababu nyingi, hata ukosefu wa kalsiamu au vitamini D unaweza kuyaleta, na lishe duni huzidisha ubaya wa maji. Akaeleza kwamba mfupa utakatwa, utanyooshwa, utafungwa plasta ngumu, ile tunayoiita hogo, kwa wiki kadhaa mpaka uunge. Wangeanza na mguu wa kushoto, ulio mbaya zaidi, wa kulia baadaye. Hapa Arusha iko nyumba iitwayo The Plaster House, ilianzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya watoto wanaotibiwa ulemavu unaotibika. Wanakaa huko wakiuguzwa mpaka wapone, kwa sababu wengi hutoka mbali na nyumbani ni vigumu kutunza plasta na vidonda. Sisi tulikaa karibu na barabara kuu, tena simu zinashika, basi ikaamuliwa tutamwuguza wenyewe.

"Tutamwuguza wenyewe." Neno jepesi hilo. Nesi alilijua uzito wake, ndiyo maana hakuturuhusu hivi hivi. Alimwita bibi. Ndiyo, bibi yule wa lawama. Akaagiza aje siku ya kliniki. Bibi akaja na kitenge chake kipya, amejiandaa kwa vita. Nesi akampa kiti, akamwamkia kwa adabu zote, akasema, "Bibi, mchana mama anakwenda sokoni. Mtoto akilala upande mmoja muda mrefu anapata vidonda. Nataka mtu mzima mwenye akili wa kumgeuza kila baada ya saa mbili. Nimeambiwa ni wewe." Mpaka leo sijui aliambiwa na nani. Tangu siku ile bibi hakutaja tena ukoo wa mtu, alikuwa na kazi. Baba naye, aliye seremala, akachorewa kwenye karatasi kiti chenye tundu katikati na ubao wa kunyooshea mguu, maana mtoto wa plasta hawezi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo. Baba alikitengeneza kwa siku mbili, akakipiga msasa mpaka kikateleza. Sikuwa nimemwona akitengeneza kitu kwa ajili ya Kitinda kabla ya hapo.

Mimi je? Nesi akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikasema, kwa aibu kidogo, mimi ni mwandishi. Hakucheka. Akatoa daftari jipya la shule, lile la kurasa arobaini na nane, akaliandika juu: MGUU WA KUSHOTO.

"Basi utaandika," akasema. "Kila mara unaandika saa. Unaandika vidole: rangi, joto, uvimbe, anavichezesha au hachezeshi. Bonyeza ukucha uwe mweupe, achia. Wekundu urudi kabla hujamaliza kusema moja, mbili. Linganisha na mguu mwingine, usilinganishe na mkono wako. Andika maumivu, andika choo, andika alichokula. Plasta ikinuka, andika halafu nipigie. Akiwashwa ndani, msitie kijiti, ngozi ikichubuka humo hamtaiona. Na uandike unachokiona, siyo unachokifikiri."

Nilikuwa nimejaza kauntabuku tatu za riwaya, na hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo.

Upasuaji ulifanyika mwezi wa sita, ukaenda salama. Wiki ya tatu ikawa ya kubadili plasta. Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa saba. Wakaunyoosha mguu kidogo zaidi, wakafunga plasta mpya, tukarudi nyumbani jioni. Nesi akanisisitizia: siku mbili za mwanzo, kila baada ya saa mbili, hata usiku. Nikasema sawa, sista.

Ijumaa usiku nilikesha. Jumamosi mchana niliandika vizuri. Saa kumi na mbili jioni niliandika: *Vidole vina joto. Wekundu unarudi. Anasema plasta inambana kidogo.* Halafu nikavaa koti nikaenda kijiweni, kwa sababu nilikuwa na hadithi mpya na machalii walikuwa wananingoja. Nilijiambia narudi saa mbili. Unajua tena kijiwe. Nilirudi saa nne na nusu.

Mama alikuwa amelala fofofo, kachoka na soko. Bibi alikuwa amekaa kando ya kitanda, anamwimbia. Kitinda analia ile sauti ya chini, ya mtu ambaye ameshalia sana. Bibi akasema, "Nimempa dawa yake, bado analia. Anadeka huyu. Na vidole vyake baridi, si unaona baridi ya mwezi wa saba?" Na kweli ilikuwa baridi. Baridi ya Meru mwezi wa saba si ya mchezo, hata mimi vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.

Nikakumbuka: linganisha na mguu mwingine. Nikaingiza mkono chini ya blanketi, nikashika mguu wa kulia. Una joto kama mkate. Nikashika vidole vya kushoto. Baridi, vimevimba, vinang'aa. Nikabonyeza ukucha wa kidole gumba, nikaachia. Moja, mbili, tatu, nne. Mweupe. Nikakinyanyua kidole kidogo tu, Kitinda akapiga yowe lililomwamsha mama.

Simu haikuwa na salio. Nikakopa, mikono inatetemeka. Nesi aliitikia mara ya pili. Hakuuliza ulikuwa wapi. Aliuliza, "Ukigusa anahisi? Ukivinyoosha vidole analia? Dawa ameshakunywa na maumivu yanazidi?" Nikajibu. Akasema, "Mleteni sasa hivi. Msingoje asubuhi. Msimpe chakula. Mimi napiga simu wodini."

Jirani yetu ana pikapu ya kubebea ndizi. Baba alimgongea dirisha. Tulipanda nyuma, mama kampakata mtoto, mimi nimeshika plasta isigonge. Njia nzima nilikuwa nahesabu: saa mbili sikuwapo, saa nne sikuwapo. Ile hadithi niliyoisoma kijiweni usiku ule siikumbuki hata ilihusu nini.

Walikuwa wanatusubiri. Msumeno ule wa plasta una kelele ya kutisha, lakini hata kabla hawajamaliza kuipasua upande wa pili, Kitinda alinyamaza, akavuta pumzi ndefu. Wakakata na bandeji za ndani. Vidole vikaanza kurudi rangi, kimoja kimoja. Daktari akatueleza kwamba mguu ulivimba ndani ya plasta ukakosa nafasi, na kwamba msuli usiopata damu huanza kufa baada ya saa chache. Kama tungelala hadi asubuhi, alisema, tungekuwa tunazungumza mengine. Akamgeukia bibi akamwambia, "Baridi hii imewadanganya wengi, bibi."

Kesho yake nesi akaja wodini akaomba daftari. Nilikuwa nimefikiri usiku mzima. Mistari ya saa mbili na saa nne ilikuwa mitupu. Ilikuwa rahisi kuijaza. *Saa mbili: vidole vina joto.* Nani angejua? Lakini nilikuwa nimeandika: *Saa mbili: sikuwapo. Saa nne: sikuwapo. Saa nne na nusu: vidole baridi, mguu wa kulia una joto, ukucha haurudi.*

Alisoma na miwani yake ile ya uzi, akasoma tena. Akasema, "Ungeandika kwamba saa nne kila kitu kilikuwa sawa, tungedhani uvimbe umeanza nusu saa tu." Halafu akafungua ukurasa unaofuata, akanionyesha mahali pa kuanzia. Basi. Hakunipa pole wala hakunikaripia. Nilipomtazama mama nikadhani yeye atasema, naye akaninyooshea kikombe cha chai.

Mguu ule uliunga. Wa kulia ulifanywa mwaka uliofuata, na safari hiyo sikwenda kijiweni. Mazoezi ya kutembea yalikuwa marefu na ya kuchosha, mengine ya kuliza, lakini siku aliyotoka mlangoni mpaka kwenye mgomba wa kwanza bila kushika kitu, bibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na maswali. Nesi alikuwa ametuonya: mkirudi kwenye maji yale yale wakati bado anakua, mifupa inaweza kupinda tena. Baba akauza ndama, akanunua simtanki, akaweka mifereji kwenye bati. Maji ya mvua sasa ni ya kunywa na kupikia tu. Ya kufulia tunachota kule kule. Magadi yameondoka jikoni, na mzee bado analalamika kwamba makande hayaivi. Hapo Ngurdoto jirani yetu kuna kituo ambacho kwa miaka mingi wataalamu wamekuwa wakichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nimepita nje ya kituo kile utoto wangu wote bila kuuliza wanafanya nini mle. Mwandishi gani huyo?

Ile hadithi ya laana ninayo bado. Sikuichoma, kuchoma ni maigizo. Nikiisoma naona kila mstari niliufikiri na hakuna hata mmoja niliouona. Sikujua kwamba mtoto wa matege hawezi kukwepa mpira lakini anaweza kuurusha kuliko wenzake. Sikujua kwamba mama yake hulala saa nne, analala na khanga mkononi. Yule nesi aliyajua yote hayo katika dakika kumi za kwanza, kwa kuuliza tu.

Ninyi wenzangu mnaoandika, labda nyumba ya pili kutoka kwenu yuko mtoto wa namna hii, mwenye kichwa kikubwa, au anayeanguka kifafa, au asiyesema, na watu wake hawajalala usiku wa jana. Kabla hujamtia kwenye hadithi nenda ukaombe zamu.

Kitinda sasa yuko shule ya msingi na anasoma kila kinachomjia mkononi. Wiki iliyopita alilitoa lile daftari kwenye sanduku la mama, akakaa nalo kwenye kiti cha baba, kile chenye tundu, ambacho siku hizi kimepigiliwa ubao. Akasoma ukurasa baada ya ukurasa, amekunja uso kama mwalimu.

"Kaka, hapa umekosea."

"Wapi?"

"Umeandika siku ya kutoa nyuzi nililia. Sikulia. Nilipiga kelele tu."

Nikampa kalamu, akafuta, akasahihisha mwenyewe.